MWENYE KUPONA ANA HAKI YA CHAKULA CHAKE



Katika darsa yetu limeletwa swali na mama mmoja, nalo ni swali ambalo twaona halimhusu yeye peke yake. Ana binti wa miaka 17. Binti huyo alijinyima chakula mwaka mzima hata akabaki ngozi na mifupa, hedhi yake ikakatika, akazimia mara mbili. Alilazwa, akatibiwa, na sasa yuko nyumbani. Tabibu amemwamuru ale mara sita kwa siku, apate kuongeza uzito kidogo kidogo mpaka airudie siha yake. Sasa Ramadhani yakaribia. Shangazi yake asema mtoto anadekezwa. Jirani asema ni kijicho, apelekwe kwa mganga. Na binti mwenyewe, jambo lililomtia mama hofu kuliko yote, ndiye anayeshikilia kwa bidii kwamba hana budi kufunga. Mama auliza: je, nimzuie mwanangu na ibada?

Jawabu letu kwa ufupi ni kwamba chakula anachokula binti huyo leo kwa amri ya tabibu ndiyo ibada yake, na anayemzuia asifunge hakumzuia na ibada bali amemrudisha kwenye ibada. Lakini jawabu fupi halitamfaa mama huyu pindi shangazi na jirani watakapomzunguka, kwa hivyo hatuna budi kulieleza.

Yako maradhi ambayo mtu huacha kula ilhali chakula kipo mbele yake. William Gull, tabibu wa Kiingereza, aliyaeleza mbele ya matabibu wenzake mjini London mwaka 1873, na mwaka huo huo Charles Lasègue aliyaandika kule Ufaransa. Matabibu huyaita anoreksia. Yako na mengine, ndugu ya hayo, yaitwayo bulimia, ambayo Gerald Russell aliyaeleza mwaka 1979: mtu hula kwa pupa kwa siri, kisha hujitapisha au hunywa haluli ili akitoe alichokila. Haya si kiburi, si utundu, wala si kukosa adabu kwa wazazi. Mgonjwa hujiona mnene naye anakwisha, na hofu inayomshika akiona sahani ya wali ni hofu ya kweli, kama hofu yako wewe ukimwona nyoka mlangoni. Wengi ni wasichana, walakini vijana wa kiume nao wamo, na hao huchelewa kutibiwa kwa kuwa hapana anayewadhania.

Watu wetu wana neno moja la kulikimbia jambo hili, nalo ni kusema kwamba ni maradhi ya Wazungu. Katika visiwa vya Fiji, mwili mnene ulikuwa heshima kama ulivyokuwa kwetu, na mgeni alikuwa hushibishwa mpaka aombe msamaha. Televisheni ilipofika katika wilaya ya Nadroga mwaka 1995, mtaalamu wa Marekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa skuli juu ya kula kwao, kisha akauliza tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupata hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito; baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 11 na ushei. Hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni. Leo kila binti wa Mombasa, Malindi na Lamu ana yake kiganjani, nayo hulala naye chini ya mto.

Turudi kwenye dini. Twajua kisa cha Salman Mfursi na Abu Dardaa (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu. Salman alimzuru nduguye, akamkuta mkewe amejiachia hajipambi, kwa kuwa mumewe hana haja na dunia: mchana hufunga, usiku husimama kuswali. Abu Dardaa akamwandalia mgeni wake chakula, akamwambia ale, yeye amefunga. Salman akakataa kuugusa mkono wake mpaka mwenyeji naye ale. Abu Dardaa akala. Usiku nao akamlaza, mpaka ulipofika mwisho wake wakaswali pamoja. Kisha Salman akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari zilipomfikia Mtume, alithibitisha kuwa Salman amesema kweli.

Wahubiri wetu hukitumia kisa hiki kwa ajili ya yale maneno ya mwisho tu, na ni maneno makubwa. Lakini tazameni alivyofanya kabla ya kusema. Hakumhutubia nduguye naye ana njaa. Alikaa naye chakulani, akala alipokula, kisha ndipo akasema. Matabibu wa zama zetu wanaotibu vijana wenye maradhi haya wameona ya kuwa katika matibabu yenye nguvu ni wazazi wenyewe kuushika uongozi wa chakula cha mtoto, wakakaa naye kila mlo mpaka umalizike, kwa upole usiolegea. Wazazi waliokuwa wakimpelekea binti sahani chumbani na kufunga mlango wajue sahani hiyo huishia dirishani au kwa paka.

Ama kuongeza uzito kwa njia njema, halina aibu yoyote katika dini. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa Bibi Aisha (R.A.) amesimulia jinsi mama yake alivyotaka kumnenepesha kabla hajapelekwa nyumbani kwa Mtume. Alimpa hiki na kile, mwili haukukubali, mpaka alipompa matango pamoja na tende mbivu. Hapo akawanda vizuri. Ni jambo la kupendeza kwamba mke wa Mtume amelihadithia jambo hili bila ya haya, na maimamu wakalipokea na kuliandika. Mama yake hakukasirika kwa kuwa chakula cha kwanza hakikufaa, wala cha pili. Alijaribu tena.

Tena kuna hadithi nyingine ambayo twaiona ndiyo asili ya mlango huu wote. Ummul Mundhir, bibi wa Kiansari, amesimulia kwamba Mtume aliingia nyumbani kwake pamoja na Ali (R.A.), naye Ali ndiyo kwanza anainuka kutoka katika ugonjwa. Palikuwa na mashuke ya tende yaliyotundikwa. Mtume akala, na Ali akanyosha mkono naye ale. Mtume akamzuia, kwa sababu yeye bado yu katika kupona. Ummul Mundhir akapika shayiri na mboga ya majani, na Mtume akamwelekeza Ali ale hiyo, kwa kuwa yamfaa zaidi. Basi ametufundisha kwamba kati ya mgonjwa na mzima yuko mtu wa tatu, naye ni mwenye kupona. Huyo ana hukumu yake na chakula chake. Kosa la nyumba nyingi ni kumwona mtu katoka hospitali wakamhesabu mzima.

Na hapa pana hatari ambayo wazazi yawapasa waijue, kwa sababu inatokana na mapenzi. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hukunjamana, hupunguza kazi zake zote. Ukijazwa chakula kingi kwa ghafula, chumvi fulani za damu, hasa ile iitwayo fosfeti, na pamoja nayo potasiamu na magnesiamu, hukimbilia ndani ya chembe za mwili na kupungua katika damu. Moyo ukapiga ovyo, mtu akavimba, akachanganyikiwa, na huenda akafa. Mwaka 1945 vita vilipokwisha, katika wafungwa wa kambi za Ujerumani waliokombolewa wakiwa mifupa mitupu, wamo waliokufa baada ya kupewa chakula kizito na askari waliowahurumia. Kwa hivyo siku za mwanzo si za kumfanyia karamu. Ni siku za tabibu, za kupima damu, na za kuongeza chakula hatua kwa hatua. Lau mgonjwa amekaa siku nyingi bila ya kula kitu, au amekonda mno, mahali pa kuanzia ni hospitalini, si jikoni.

Hatari hiyo ikishapita, huja kosa la upande wa pili, nalo ni kufikiri kuwa kidogo chatosha. Huko Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake walifanya majaribio mwaka 1944 na 1945 juu ya vijana 36 wa kiume, wazima, waliojitolea kwa hiari yao. Kwa miezi sita walipewa nusu ya chakula walichohitaji, wakapoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Hawakuwa na maradhi ya akili. Walakini njaa iliwageuza wote. Walihisi baridi, wakawa wazito wa moyo na wepesi wa hasira, wakakaa mchana kutwa kuwaza chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi ilhali hawapiki, wakakaa na sahani moja muda mrefu wakiichezea. Ewe mzazi unayelalamika kwamba mwanao si yule uliyemlea, kisome kisa cha wale vijana: mengi unayoyaona si tabia yake, ni njaa inayosema. Na walipoanza kurudishwa, ikaonekana ya kwamba chakula cha kawaida hakikutosha. Walihitaji kiasi cha kalori 4,000 kwa siku, na kwa miezi mingi, ndipo miili ikarudi. Mwili unaojijenga upya hula kama fundi wa nyumba anavyokula saruji.

Kipimo kinachotumiwa na matabibu ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa juma kwa aliyelazwa, na kiasi cha nusu kilo kwa aliye nyumbani. Huonekana kidogo, lakini hata hicho hakipatikani kwa kuonjaonja. Chahitaji milo mitatu na vitafunio vitatu, pasipite zaidi ya saa tatu au nne bila ya kula, mtu awe na hamu au asiwe nayo. Hamu ya kula imeharibika katika maradhi, haiwezi kuwa kiongozi; saa ya ukutani ndiyo iongoze, mpaka hamu ipone nayo.

Mama aliyetuuliza alitaka kujua ampe nini. Mungu ametukirimu pwani hii vyakula ambavyo tabibu wa Ulaya angevitamani. Asubuhi baada ya swala, uji wa wimbi uliopikwa kwa maziwa, utiwe samli au karanga zilizosagwa. Kabla ya adhuhuri, tende na gilasi ya maziwa au mtindi. Mchana wali wa nazi kwa samaki na kunde. Alasiri chai ya maziwa, na mahamri kwa mbaazi. Usiku muhogo au viazi kwa nyama au mayai, na kabla ya kulala ndizi na maziwa tena. Tumbo la mwenye kupona lina uvivu, hujaa upesi na huuma. Kwa hivyo kilicho kidogo kwa wingi na kikubwa kwa nguvu ndicho kifaacho: tui, samli, korosho, ufuta, parachichi. Dagaa na maziwa kwa ajili ya mifupa, maana mifupa ya waliojinyima huwa myepesi kuvunjika. Asilijaze tumbo kwa maji na kahawa kabla ya kula; wagonjwa hufanya hivyo kwa makusudi, na wengine hunywa maji mengi siku ya kupimwa ili mizani iseme uongo. Wala asilishwe soda na vibanzi tu kwa sababu ndivyo vinavyonenepesha upesi, kwani twataka mwili, hatutaki namba.

Na tunaonya juu ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kichinichini madukani na katika simu. Miongoni mwavyo imo deksamethasoni, dawa yenye kazi yake hospitalini, lakini ikimezwa ovyo huufura uso, hudhoofisha mifupa, na kuiacha ghafula kwaweza kumwangusha mtu. Hiyo si siha.

Majuma ya mwanzo yatakuja na fitina zake. Miguu huenda ikavimba maji, tumbo hutangulia kutokeza kabla ya mikono na mapaja kujaa, usiku mtu hutoka jasho. Binti atajitazama kiooni aseme: mmeniharibu. Aambiwe mapema, kabla hayajatokea, kwamba mwili hurudisha kwanza katikati kisha hugawa, na kugawa huko kwaweza kuchukua mwaka. Apimwe mara moja kwa juma, na mtu mmoja, na mizani isikae chumbani mwake. Uvimbe ukizidi, au akiwa na pumzi fupi, moyo kupiga polepole mno au ovyo, kuzimia, kutapika kusikokoma, au maneno ya kutaka kufa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asingojewe asubuhi.

Sasa tuseme juu ya ndimi zetu, maana wako waliorudi kitandani kwa neno moja la sebuleni. Kwetu sisi kumwambia mtu amenona ni kumsifu. Twasema kanawiri, kawanda, mashallah mashavu yamejaa, na nia ni njema. Lakini sikio la mwenye kupona si sikio la watu. Ukimwambia amenawiri, yeye husikia amenenepa. Na akisikia amenenepa, jioni hali. Wala usimwambie amekonda, maana katika maradhi haya hilo nalo ni sifa, naye atakwenda kuitafuta tena. Basi niseme nini? auliza shangazi. Mwambie umefurahi kumwona. Muulize masomo yake, mshonaji wake, kisa anachokisoma. Katika maisha ya mtu pana mengi ya kuulizwa kuliko kiuno chake, na laiti tungaliacha desturi hii ya kuwapima wageni kwa macho tangu mlangoni, tungaliwapumzisha na wazima pia. Mwanamume anayemtania mkewe kwa unene wake mbele ya binti zake naye ana sehemu katika jambo hili.

Na mganga? Hapa hatutarefusha. Kuomba dua na kumsomea mgonjwa Qurani ni sunna, na anayefanya hivyo huku anampeleka kwa tabibu amefanya vyema. Lakini kumpiga binti kwa madai ya kutoa pepo, kumfungia ndani, kumnywesha makombe ya kila sheikh wa njiani na dawa za kuharisha ili uchawi utoke, haya ni kumwongezea maradhi juu ya maradhi; na haluli kwa mtu aliyekwisha pungukiwa potasiamu huenda ikausimamisha moyo wake. Afadhali Ibn Sina, aliyekuwa Mwislamu na tabibu miaka elfu iliyopita. Nizami Aruzi amehadithia kwamba mwana mmoja wa ufalme wa Kibuwayhi alipatwa na wasiwasi akajiona ni ng'ombe, akakataa kula, akalia achinjwe. Ibn Sina akaja na kisu mfano wa mchinjaji, akampapasa mbavu, akasema ng'ombe huyu amekonda, hafai, alishwe kwanza. Yule kijana akala ili anone achinjwe, na chakula kilipomwingia na dawa pamoja nacho, akili ikarejea. Hatusemi wazazi watumie hila hiyo, nasi twakipokea kisa kama kilivyosimuliwa. Lakini tazameni: hakumpiga, hakumcheka, na alijua kwamba akili haitarudi mpaka mwili ulishwe.

Wako watakaotaja riwaya inayokataza kuwalazimisha wagonjwa kula. Wanavyuoni wamezungumza juu ya nguvu ya riwaya hiyo, na hata kwa walioipokea, inamhusu mwenye homa ambaye mwili wake umeshughulika na kupigana na ugonjwa. Mtu ambaye kutokula ndio ugonjwa wenyewe, kumwacha asile si kumhurumia.

Tufike kwenye Ramadhani. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, amemruhusu mgonjwa asifunge na alipe katika siku nyingine, na akaeleza kwamba Yeye atutakia wepesi wala hatutakii uzito. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mgonjwa anayekhofia madhara ameruhusiwa kula. Na akikhofia kuangamia, basi kula kwake ni wajibu na kufunga kwake ni haramu. Anayejua khofu hiyo ni tabibu mwaminifu, si shangazi. Na katika maradhi haya mwezi mmoja wa njaa ya mchana huweza kubomoa yaliyojengwa kwa miezi minane, kwa sababu njaa yenyewe ndiyo mlango ugonjwa uliopitia.

Imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) kuwa masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha akaota akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa, naye aweza kutumia maji. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume alighadhibika, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na akawaombea Mungu awalipe kwa hilo, na akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale walikuwa watu wema, wapenda dini, wala hawakukusudia ila taa ya Mungu. Hata hivyo Mtume hakuwapa udhuru. Basi wewe unayemwambia binti aliyetoka hospitali kwamba Mwislamu wa kweli hufunga tu, jipime na hadithi hii kabla hujafumbua kinywa.

Ama binti mwenyewe anayeshikilia kufunga, maneno yetu kwake ni ya taratibu, maana hatumtuhumu uongo. Mwanangu, maradhi yako ni hodari wa kuvaa kanzu. Yalipokosa kukushinda kwa kioo, yatakuja kwa msikiti. Yatakuambia Jumatatu na Alkhamisi, yatakuambia saumu ya Daudi, yatakuambia kwamba wenzako wamekushinda kwa thawabu. Yapime kwa kipimo hiki. Mtume ametufahamisha kuwa mwenye kufunga ana furaha mbili, na ya kwanza ni wakati wa kufuturu. Adhana ya magharibi ikilia, moyo wako wafurahi au waogopa? Ikiwa tende ya futari yakutia khofu kuliko njaa ya mchana, basi hicho ulichokuwa ukikifunga si Ramadhani. Na ikiwa baada ya futari wakimbilia chooni kujitapisha, ujue kuwa hata sheria ya saumu imeliona tendo hilo: mwenye kujitapisha kwa kusudi mchana saumu yake imeharibika, na anayetapika kwa kushindwa haidhuriki. Wala usidhani umekosa. Mtume amebashiri kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima mkaazi. Kila kijiko unachokimeza ukikiogopa, kwa kumtii Mola wako katika kuihifadhi amana yake, huenda ni kizito katika mizani yako kuliko saumu ya aliye mzima.

Wazazi nao wapange mapema. Mlo wa mchana wa Ramadhani usiwe wa kujificha nyuma ya mlango wa jiko kama mwizi, maana siri ndiyo iliyokilea kidonda hiki. Aandaliwe mezani kwa saa zake zile zile. Wadogo wasiofunga wakae naye, au mama mwenye kunyonyesha, au aliye katika siku zake. Na mwenye kufunga akikaa kumliwaza hakupoteza kitu. Magharibi aketi futarini na watu wote, ale pamoja nao mlo wake wa jioni; uji, tambi na kaimati ni za kila aliyemo nyumbani. Daku akiamka kwa kupenda ule mkusanyiko na aamke, lakini asiamshwe kwa lazima, kwani usingizi nao ni dawa. Tarawehe akichoka aswali kwa kukaa, kama Mtume alivyomruhusu Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa.

Na siku alizokula ni deni lenye muhula. Kwa kuwa maradhi haya yana tamaa ya kupona, na wengi hupona, hana fidya ya kibaba bali ana kadha. Na ikiwa udhuru utaendelea mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, hana dhambi wala fidya ya kuchelewa. Aziandike hesabu yake katika daftari la mama yake, daftari liwekwe, na lisifunguliwe mpaka tabibu aseme mwili umepona na hofu imepoa. Hapo aanze kulipa siku moja moja, mbali mbali, katika siku fupi za baridi, naye mama afuturu pamoja naye.